Masikio ya Damari na Jibu la Kasisi

Hapo zamani, karne ya kumi na saba ilipokuwa ikielekea ukingoni, wakati wanaume wakubwa wa nchi ya Waingereza walipovaa kichwani nywele za watu wengine na kujiona wamependeza, palikuwa na mji uitwao Haverkombi. Mji wenyewe haukuwa na maajabu: makanisa matatu yasiyosalimiana, soko moja, mtambo mmoja wa kuchapa, na watu wasiojua kunyamaza. Maana siku zile nchi nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya vijitabu. Mtu akigombana na jirani yake juu ya namna ya kubatiza mtoto, hamwendei wakazungumza; anaandika kijitabu. Jirani naye anaandika Jibu. Wa kwanza anaandika Jibu la Jibu. Ikawa wanasiasa wanatukanana kwa vijitabu, makasisi wanatukanana kwa vijitabu, na kila mmoja huanza kwa kusema kwamba anaandika kwa upendo.

Basi asubuhi moja kijitabu kikaonekana kimebandikwa kwenye mlango wa kanisa kubwa, hakina jina la mwandishi. Kiliitwa *Kondoo Wamuuliza Mchungaji Sufu Yao Imekwenda Wapi*. Kilikuwa cha kurasa nne tu, na kilisema kwamba watu wanatoa zaka kila mwaka ili kanisa litengenezwe, lakini paa la kanisa linavuja, na banda la farasi wa liwali limeezekwa upya. Hayo tu. Hakikutukana mtu, na pengine ndiyo sababu kiliuma sana.

Liwali wa mji alikuwa Lodi Ambrosi, bwana mnene mwenye nywele za bandia zilizomfika mabegani. Aliposomewa kijitabu kile alipiga meza, akaamuru kichomwe sokoni kwa mkono wa mnyongaji, watu wote wakitazama. Wakatazama. Waliokuwa hawajakisikia wakauliza, "Kwani kimesema nini?" nao waliokisikia wakawaeleza. Kisha liwali akatoa amri, ikapigiwa mbiu: "Yeyote atakayechapa, atakayeuza au atakayesambaza maneno ya *Kondoo*, hata mstari mmoja, atakatwa masikio yote mawili, awe mkubwa awe mdogo, pasipo kuangalia uso wa mtu."

Lakini amri haikumtosha, akataka na hoja. Akamwita Barnaba, kasisi wa nyumbani kwake, akamwambia, "Mjibu mtu huyu, nawe umjibu hata asiwe na pa kukanyaga."

Sasa wasomi wa nchi ile walikuwa na desturi moja. Mtu akimjibu adui yake, sharti kwanza achape maneno ya adui yote, kifungu kwa kifungu, asiache hata nukta, asije akaambiwa amemsingizia. Chini ya kila kifungu ndipo aweke jibu lake. Kasisi Barnaba alikuwa msomi, na msomi havunji desturi hata ikimtia kitanzi shingoni. Akaweka maneno ya *Kondoo* yote, aliyokuwa ameyanakili kabla hayajachomwa, kwa herufi za mlazo ili yatambulike upesi, kisha yeye mwenyewe akajibu kwa kurasa mia moja na arobaini, na Kilatini juu yake. Akakiita kitabu chake *Jibu Kamili, Thabiti na la Mwisho kwa Kondoo Wamuuliza Mchungaji*.

Liwali akasoma ukurasa wa kwanza, ule uliomsifu yeye, akaona kitabu ni kizuri. Akaamuru jalada liandikwe *Kimechapwa kwa Amri ya Lodi Ambrosi*, na kila nyumba mjini iwe na nakala yake, na zitakazobaki ziuzwe sokoni. Ikawa hivyo. Hata wale waliokuwa hawajapata kukiona kijitabu cha *Kondoo* wakaletewa nyumbani na askari.

Katika mji huo alikuwako mjane mmoja, jina lake Damari, masikini asiye na kitu ila kikapu na sauti. Kazi yake ilikuwa kuchuuza vijitabu sokoni, naye hakujua kusoma hata herufi moja. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu aliuza asichokijua. Wao walijua kusoma, na bado walinunua, kwa hiyo sina hakika jina lile lilimfaa nani zaidi.

Damari alisimama kila siku mlangoni pa mgahawa wa kahawa, akiuza *Jibu* kwa kupiga kelele: "Kondoo wamuuliza mchungaji! Na jibu lake lipo!" Humo ndani seremala mmoja huwasomea wenzake kwa sauti. Damari akaona anasoma mistari michache, anafunua kurasa thelathini, anasoma tena michache, anafunua.

"Mbona unaruka, baba?" akamuuliza.

"Haya ya mlazo ni ya kondoo," akasema seremala. "Haya yaliyosimama ni ya kasisi. Hayo hatusomi, tuna kazi za kufanya."

Damari akalitia jambo hilo moyoni.

Haukupita mwezi, maneno ya *Kondoo* yakawa kila mahali. Wafua nguo wakayaimba mtoni. Mvua ikinyesha, watu kanisani wanakohoa na kutazama juu. Liwali akapandwa na hasira, akatuma wapelelezi, nao wapelelezi kwa ushujaa mkubwa wakamkamata mwanamke mzee mwenye kikapu.

Akaletwa mbele ya Lodi Ambrosi, akapiga goti.

"Ewe mwanamke," akasema liwali, "umesikiwa ukilitaja sokoni jina la kijitabu kile kiovu. Wakiri?"

"Nakiri, bwana wangu, Mungu akupe umri mrefu. Limeandikwa kwenye jalada la kitabu nilichoambiwa nikiuze. Nikilitaja la kasisi peke yake hawanunui."

Kasisi Barnaba akageuka mwekundu. Liwali akasema, "Mimi sina haja na kelele zako. Nataka mtu anayeyasambaza maneno haya, maana yamejaa mjini kama panya. Wewe wazunguka kila mtaa. Nakupa siku tatu. Uniletee mtu aliyeyasambaza kuliko wote, pamoja na karatasi zenyewe ziwe ushahidi. Usipomleta, masikio ni yako."

"Ni yangu hata sasa, bwana wangu."

"Yatakuwa ya mnyongaji!" akafoka liwali.

Basi Damari akaona jambo si la mzaha. Wapelelezi wote wa liwali wameshindwa, na yeye mwenye masikio mawili tu amepewa siku tatu. Akasema, "Nimesikia, bwana wangu, nami nitatii. Lakini mimi ni mtu wa chini, na huenda nikamkuta ni mtu wa juu. Nikimleta, utashika amri yako?"

"Nimekwisha kusema, awe mkubwa awe mdogo! Neno langu ni moja."

"Basi naomba cheti chenye mhuri, watu wanikabidhi karatasi."

Akapewa cheti. Akaazima mkokoteni kwa muuza maboga, akazunguka nyumba kwa nyumba. "Nipeni karatasi zote zenye maneno ya kondoo," akawaambia. Watu wakaogopa, wakasema hawana. "Siulizi mlizoficha," akasema Damari. "Nataka zile mlizoletewa na askari." Loo, hizo walizitoa mbio, wengine wakamsaidia hata kusukuma.

Siku ya tatu ukumbi ukajaa watu. Liwali ameketi kitini, kasisi kuume kwake, na mnyongaji, mtu mpole aitwaye Gilesi, amesimama kando ananoa kisu. Damari akaingia na mkokoteni wake uliofunikwa gunia.

"Yuko wapi mtu huyo?" akauliza liwali.

"Yupo, bwana wangu. Lakini mimi sijui kusoma, nisije nikamsingizia mtu wa watu. Naomba kwanza ushahidi usomwe. Asome kasisi, maana sauti yake inafika mbali."

Akachomoa kitabu kimoja chini ya gunia, akakifunua katikati, akamwekea kasisi kidole chini ya herufi za mlazo. Kasisi Barnaba akakitazama, uso ukamparama.

"Bwana wangu," akanong'ona, "pengine tungeahirisha."

"Soma!"

Kasisi akasoma, "'Paa la kanisa linavuja, na farasi wa liwali wanalala pakavu.'"

Liwali akaruka kitini. "Ndiyo hayo! Ndiyo maneno yenyewe! Karatasi hiyo imetoka nyumba ya nani?"

"Ya mwoka mikate, bwana wangu."

"Na nyingine?"

"Ya fundi viatu. Ya mjane wa tabibu. Na jikoni kwako, mpishi ametoa mbili."

"Jikoni kwangu!" Liwali akajipiga paja. "Mwaona? Mtu huyu ameingia kila nyumba! Ana nguvu kushinda nilivyodhani. Hata mimi nisingeweza."

"Bwana wangu anajidunisha," akasema Damari.

"Mtaje jina!"

"Nimeambiwa jina limo kwenye jalada. Kasisi asome."

Kasisi akakohoa. Akakohoa tena. Liwali akamwamuru kwa mara ya tatu, ndipo akasoma kwa sauti ambayo safari hii haikufika mbali: "'Kimechapwa kwa Amri ya Lodi Ambrosi.'"

Damari akaondoa gunia, na mkokoteni mzima ukawa umejaa *Jibu*.

"Bwana wangu," akasema, "uliniagiza nimlete aliyeyasambaza kuliko wote. Mwandishi aliweka nakala moja mlangoni, nayo ukaichoma. Wewe uliweka moja katika kila nyumba. Nimetafuta siku tatu, na kwa haki yako sikuona mtu wa kukushinda."

Basi Gilesi mnyongaji, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuulizwa maoni, akasogea mbele, akapangusa kisu chake kwa aproni, akainama kwa adabu. "Bwana wangu," akasema, "nianze na la kuume au la kushoto?"

"Rudi nyuma, mpumbavu wee!" akapiga kelele liwali, mikono yote miwili imeshika kichwa.

"Asihofu bwana wangu," akasema Damari. "Kwa nywele hizo, hata yakiondoka yote mawili, nani atajua?"

Hapo watu wakashindwa kujizuia. Walicheka hata madirisha yakatikisika, na Gilesi naye akacheka, ijapokuwa yeye alikuwa ameuliza kwa dhati. Liwali akatazama huku na huku, asione uso mmoja wa kumwonea huruma. Ya kukata hayakatiki, na ya kusema amekwisha kuyasema mbele ya mji mzima. Akaomba kalamu. Akaandika kwamba amri ya masikio imefutwa, toka siku ile na siku zote zilizopita. Akapiga mhuri, akasema kwa sauti ya kinyonge, "Nenda zako, mwanamke."

"Naomba kwanza isomwe, bwana wangu," akasema Damari. "Na asisome kasisi, leo amechoka."

Akasoma yule seremala wa mgahawani. Hakuruka hata neno.

Ndipo Damari akainama, akauchukua mkokoteni wa watu, akatoka na masikio yake yote mawili. Na kwa kuwa yalikuwa mahali pake na yanafanya kazi vizuri, alimsikia Kasisi Barnaba nyuma yake akimwagiza mtumishi alete karatasi, nyingi, maana jambo hili lahitaji kuelezwa.

Nami nimemaliza. Mwenye jibu na akae nalo.