Watatu Waliomwangusha Mnara

Hapo zamani, enzi za mkonge kuwa dhahabu na mabega kuwa mabega kweli, si haya ya siku hizi ya kutundikia mashati, palikuwa na kambi ya wakata mkonge iliyoitwa Kwasemwai, nyuma ya milima ya Usambara. Anayesema haikuwapo alete ramani, aonyeshwe ilipofutwa.

Katika kambi hiyo aliishi Mhina Singano, ambaye watu wote walimwita Radi. Alipokuwa kijana, akilipiga gunia la mazoezi, kuku wa kambi ya pili walitaga kabla ya siku zao. Bingwa mmoja wa Mombasa aliyepigwa naye alizinduka akauliza mvua imekatika saa ngapi. Na ilikuwa kiangazi! Lakini ngumi haichezwi bure. Ilimla Radi jicho la kulia, ikamwachia mikono ya kutetemeka, hata akishika kikombe cha chai, sahani inaimba.

Uzeeni alibaki na vitu viwili: jina lake na nafasi moja. Chama cha ndondi cha mjini kilimwambia, "Mzee, tuletee kijana wa uzito wa juu. Mmoja tu. Sisi tutamlea mpaka dunia imjue." Radi akaapa kwamba atakayekwenda ataondoka na jina la Radi, maana jina la ulingoni halikatwi vipande kama muhogo. Na lile jicho lililobaki lilishaanza kuingia ukungu. Huyo angekuwa kijana wa mwisho kuchaguliwa nalo. Akikosea, jina linazikwa kabla ya mwenyewe.

Vijana walikuwa watatu.

Wa kwanza Bukuru, Muha, aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge. Shingo ya fahali, maneno machache kama mvua ya Dodoma.

Wa pili Litunu, Mmakonde, mrefu, mwepesi, mdomo haupumziki. Uzito wa juu aliufikia kwa hila: kabla ya kupanda mizani ya marobota alikunywa togwa mpaka tumbo likawa ngoma. Mpimaji alimwuliza, "Wewe Litunu, nipime mtu au mtungi?"

Wa tatu Semgaya, mwana wa palepale kambini. Mabega yake yalipita mlangoni kwa zamu, kwanza moja, kisha jingine. Lakini mwoga! Aliogopa hata bata.

Basi siku moja treni ikamleta Kitwana wa Pangani, aliyeitwa Mnara. Aliposhuka, behewa lilipumua. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Radi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nasikia unafuga vifaranga. Niletee wote leo, mmoja mmoja, kama vitumbua. Nikiwamaliza, jina lako naondoka nalo mimi."

Watu wakageuka kumtazama Radi. Angekataa, angeonekana hawaamini vijana wake. Akasema, "Utashiba, mwanangu."

Ulingo ukafungwa kwa kamba za mkonge wa palepale. Kengele ilikuwa kipande cha reli. Kambi nzima ikajaa, hata mashine ya kukamulia mkonge ikazimwa, jambo lisilofanyika hata kwa msiba.

Akaingia Bukuru. Mnara akampiga. Bukuru akasimama. Mnara akampiga tena, ngumi ambayo ingemlaza ng'ombe. Bukuru akasimama. Raundi baada ya raundi, piga, simama, piga, simama, mpaka wanawake wakaziba macho na wanaume wakaacha kushangilia, kwa sababu kilichokuwa mbele yao hakikuwa mchezo tena. Kilikuwa kama kumtazama mtu anayebeba mlima na kukataa kuutua. Kengele ya mwisho ilipolia, mwamuzi akauinua mkono wa Mnara kwa pointi. Akauinua yeye, kwa sababu Mnara mwenyewe hakuweza. Radi akavua kofia.

Akaingia Litunu. Mnara alipiga upepo. Litunu alikuwa hapa, mara yuko kule, mara anamsalimia kwa nyuma. "Mjomba, nipo huku!" Watu wakacheka mpaka wakaegemeana. Lakini Litunu hakuwa anacheza. Alikuwa anasoma. Akaona kwamba kila Mnara anapotaka kutupa mkono wa kulia, kwanza huvuta pumzi na kunyanyua kiwiko cha kushoto. Chini ya kiwiko hicho mbavu zinabaki wazi, kufumba na kufumbua. Litunu akapiga hapo. Akapiga tena hapo hapo. Mnara akajikuna. Ngumi za Litunu zilikuwa sufi ya mto!

"Chini ya kiwiko cha kushoto!" Litunu akapiga kelele. "Akivuta pumzi! Hapo hapo!"

Kwa kupiga kelele akasahau kukwepa mara moja tu. Akaruka juu ya kamba, akatua kwenye sufuria la maharage la mpishi wa kambi. Bahati yake yalikuwa yamepoa. Radi, aliyekuwa ameketi, alijikuta amesimama. Maisha yake yote alipigana na watu. Hakuwahi kuwaona vile kijana huyu alivyomwona Mnara.

Akabaki Semgaya, naye hakuonekana. Wakamkuta amejificha nyuma ya marobota, wakamsukuma mpaka ulingoni. Alizunguka kamba akikimbia, Mnara akimfuata kwa miguu mizito, mpaka ulingo ukamwishia konani. Mnara akavuta pumzi. Kiwiko kikapanda. Semgaya akafumba macho, akasema, "Mama yangu!" akaurusha mkono.

Jamani. Wapo wanaosema ulisikika Korogwe. Mnara hakuanguka kama watu wanavyoanguka. Kwanza alifikiri. Kisha magoti yakakubali, kiuno kikakubali, na mwili wote ukashuka polepole kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Vumbi likapanda. Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wakiutazama ule mkono wa Semgaya kama kitu kilichotoka mbinguni kikakosea njia. Radi akapiga magoti kando ya ulingo.

Ndipo maneno yakaanza.

Litunu, maharage yangali sikioni, akasema, "Mwalimu, nafasi ni yangu. Hawa wangepiga ukuta mpaka kesho. Nani aliyewaonyesha mlango?"

"Uliuonyesha," akajibu Semgaya, "lakini aliyeingia nani?"

"Uliingia umefumba macho, bata wewe!"

"Basi fikiri siku nikiyafumbua."

Radi akamwuliza Litunu, "Na uzito, mwanangu? Togwa itakwisha."

"Nikila nyama ya mjini, mwalimu, mtanipimia kwenye mizani ya mabehewa."

Akamgeukia Semgaya. "Na woga?"

"Woga upo, mwalimu, sikufichi. Lakini mkono hauogopi. Ninayeogopa ni mimi."

Wakamtazama Bukuru. Midomo yake ilikuwa imevimba, maneno yakatoka kwa shida. "Nilipoingia mimi, Mnara alikuwa mzima. Ninyi mlikula makombo yangu. Kupiga kunafundishwa. Kukwepa kunafundishwa. Kutoanguka, mwalimu, nani atamfundisha mtu?"

Radi akaanza kumsogelea Bukuru, lakini mkewe, Bi Nakuzelwa, akapita katikati.

"Baba Zaina, subiri kwanza. Nyama yako anakukatia nani?"

"Wewe."

"Basi ukimchagua Bukuru, mtafutie na mke kabisa, mwenye kisu kikali. Asiyeanguka hupigwa mara nyingi kuliko aangukaye. Kijana, si kwamba sikuoni. Nakuona mno."

Wakati huo Mnara alikuwa ameketi, anamwagiwa maji. Wakamwuliza, "Bwana Kitwana, nani kakuangusha?"

Akajifuta maji usoni. "Aliyenipiga simjui, sikuuona mkono wake ukija. Yule mrefu ningemtafuna mbichi, kanivua nguo mbele za watu. Lakini nikilala leo," akamwelekezea Bukuru kidole, "nitakayemwota ni huyo."

Treni ya kurudi mjini, ndiyo ya kumchukua kijana wa chama, ikapiga honi mara ya kwanza. Radi akawapanga watatu mbele yake. Aliwasogelea mpaka karibu, kwa ajili ya ule ukungu, akamtazama kila mmoja kwa zamu yake. Akamwona mmoja asiyeweza kuangushwa, ambaye ulingo utamla taratibu. Akamwona mmoja aonaye kila kitu, ambaye pengine hatakuwa na cha kupigia. Akamwona mmoja mwenye radi yenyewe mkononi, anayeikimbia. Moyo wake ukajaa, maana hata siku zake bora hakuwahi kuwa na yote matatu, na hapa yalikuwa yamesimama yakimsubiri, yanatoka jasho.

Honi ikalia mara ya pili. Akauinua mkono wake unaotetemeka, akautandaza juu ya mabega yao, na mkono haukujua ushukie wapi.

Sasa ninyi mlioketi hapa mkijifanya mabingwa wa kujua ngumi, treni haisubiri. Mmoja kamchosha Mnara, mmoja kamfunua, mmoja kamwangusha. Je, kati yao, nani alistahili kuondoka na jina la Radi?