Zimwi na Wimbo wa Mbeyu

Nikiita mniitikie, wenzangu, maana kimya kinatisha.

Mbeyu mjane aliwapigia wanakijiji zeze na kuwaimbia walipolima, nao wakimwitikia. Jioni kila mtu alifunga mlango wake, naye akabaki peke yake. Siku moja zimwi likamjia.

“Mama, twende ukaniimbie mimi tu.”

“Wimbo huu ni wa kijiji.”

“Kijiji kipi? Imba mara tatu. Asipokuitikia mtu, nakuchukua.”

Akaimba, “Shamba la nani?” Kimya. Akaimba tena. Kimya. Mara ya tatu sauti ikamtetemeka.

Jirani yake Kadzo akafoka kutoka ndani, “Letu sote! Mbona leo unaimba kama kuku mgonjwa?”

Nyumba ya pili ikaitikia, kisha zote.

Zimwi likarudi msituni polepole. Hadi leo huko linaitikia, “Letu sote,” na hakuna anayeliimbia.