Utafiti wa Mzee Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mmebanwa pua. Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Palikuwa na nini?

Tuambie wewe, bibi!

Palikuwa na kiu.

Mito yote ilikauka, likabaki bwawa moja, na ndani ya bwawa akabaki Mzee Kiboko. Peke yake. Tumbo upande huu, makalio upande ule. Ukija na kibuyu chako anakuuliza, "Unakwenda wapi?" Unarudi.

Sasa nchi ile ilikuwa na mila: maji hayana mwenyewe mpaka wanyama wote waulizwe, na wote wakubali. Kiboko akasema, si taabu, nitawauliza mwenyewe. Nitafanya utafiti.

Akatoka jua likipoa, puu, puu, puu, mpaka mlangoni kwa Swala. Akafungua domo, pwaa! Meno kama michi.

"Swala, unakubali maji yawe yangu? Sema kweli, usiogope."

"Nakubali, mzee."

Puu, puu, puu, mpaka kwa Ngiri. Domo, pwaa!

"Ngiri, unakubali? Sema kweli, usiogope."

"Nakubali, mzee. Tena yanakukaa vizuri."

Puu, puu, puu, mpaka kwa Nyati. Naam, Nyati na mapembe yake yale. Domo, pwaa!

"Nakubali, mzee."

Kiboko akarudi majini anacheka. "Kumbe napendwa hivi!"

Akabaki Mama Pimbi, huko juu majabalini. Kimnyama kama kiatu, mkia hana. Watoto wake wamelala ndimi nje, hata kulia hawawezi. Machozi yatoke wapi? Akashuka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Na wewe unakubali?" Pwaa!

"Mimi nilishakubali kabla hujauliza. Ila utafiti wako una tundu, mzee."

"Tundu gani?"

"Umeuliza wa bondeni tu. Wa mlimani je? Na sisi ukituuliza mlangoni tunakujibu uongo, kama tunavyosema hatujambo. Mtafiti wa kweli anakuja kuishi nasi. Anakula tunachokula, analala tunapolala, mdomo kafumba, macho kafumbua. Tukimzoea tunampa kila kitu. Hata chemchemi yetu."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Mna chemchemi?"

"Mtafiti haulizi, mzee. Anatazama."

Mama Pimbi akaaga. Njiani akapitia milango ile ile, akanong'ona, "Mkimwona juu, nendeni bwawani. Nendeni wote pamoja, asiende mtu peke yake."

Asubuhi tamaa ikampandisha Kiboko mlima. Puu, puu, hee! Puu, hee! Akaketi juu ya jabali. Pimbi wanaota jua, naye anaota jua. Pimbi wanatafuna majani makavu, naye anatafuna. Ngozi ikaanza kupasuka, kwa! kwa! kwa!

"Mama Pimbi, naungua."

"Sss! Utaharibu utafiti."

Akanyamaza. Anatazama. Chemchemi haionekani.

Huko chini Swala kaja, Ngiri kaja, Nyati kaja, na watoto wa Pimbi, walioteremshwa usiku, wamebebwa mgongoni kwa Ngiri. Gubu, gubu, gubu!

Kiboko akasikia. Akateremka, mara anakimbia, mara anabingirika, mpaka ukingoni. Domo, pwaa!

"Nani kakubali?"

Kila kinywa kimejaa maji. Mlangoni kila mmoja alikuwa peke yake. Bwawani walikuwa wote. Nyati akageuza pembe, taratibu. Domo likajifunga lenyewe.

"Basi... naomba maji," akasema Kiboko, sauti kama ya mbu.

Mama Pimbi, aliyeshuka nyuma yake, akapiga funda, akafuta mdomo. "Panga foleni, mzee. Wewe uko nyuma ya Kobe."

Na Kobe ndiyo kwanza alikuwa anatoka nyumbani kwake.

Hadithi yangu imekauka hapo. Mwenye mate ameze.

Mnataka na funzo? Funzo ni hili: wakubwa hawadanganywi, ni adabu mbaya. Mkubwa akija kukuuliza kama umeridhika, sema umeridhika. Kisha msindikize. Msindikize mpaka mlimani.