Nafasi Moja kwenye Fomu ya Emiliana

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, kisha mnisaidie kuamua, maana mimi jambo hili limenishinda.

Huko Mbulu walikuwapo watu watatu. Mama Emiliana alijua kukataa, na akikataa amekataa. Mzee Tluway, fundi viatu, aliangalia soli tu akakueleza unavyotembea. Fabiola, rafiki wa Emiliana na mkimbiaji mwenzake, alijua kusubiri, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi. Wote watatu walimpenda Emiliana, binti aliyekuwa na mbio kuliko wenzake wote.

Basi barabara ikawekwa lami. Wakimbiaji wakafurahi, wakaacha njia za udongo, wakawa wanaitwanga lami kila kukicha. Baada ya mwezi Emiliana akaanza kuumwa miundi, ile mifupa ya mbele ya miguu. Akaficha, asije akaachwa na kundi la kocha. Akaficha mpaka Jumapili moja akashindwa kushuka ngazi za kanisa.

Mama akazichukua raba, akazifungia ghalani pamoja na mahindi.

"Mama, nirudishie raba zangu!"

"Kwanza nikurudishie miguu."

Wiki sita nzima! Kila alfajiri Emiliana alisikia vishindo vya wenzake vikipita nyuma ya nyumba, akalia. Mama naye alilia jikoni, ila ufunguo hakuutoa.

Raba zilipotoka, Mzee Tluway alizikunja huku na huku. "Mjukuu wangu, hizi zilishakufa zamani. Ulikuwa unakimbia na maiti." Akabandika soli mpya, laini, akajaza upande wa ndani uliolika. Yeye mwenyewe ujanani aliumwa vivyo hivyo, akafunga kitambaa akaendelea kukimbia, mpaka mfupa ukapasuka. Tangu hapo hajaenda kutazama mbio, maana hamu humnyima usingizi.

Fabiola akampeleka kwenye majani ya uwanja wa shule. Dakika moja kukimbia, mbili kutembea. Wiki iliyofuata wakaongeza kidogo. Jioni walisimama kwenye kibaraza wakiinua na kushusha visigino, ili miguu ipate nguvu.

"Twende lami leo, mara moja tu," Emiliana alibembeleza.

"Nenda. Mimi utanikuta hapa."

Hakwenda. Lakini kwa kumsubiri rafiki yake, Fabiola akakosa mchujo wake mwenyewe, na alikuwa ameungoja miaka miwili.

Mwaka uliofuata Emiliana akashinda mchujo, akaitwa kukimbia Dar es Salaam. Fomu ikaja: mkimbiaji aje na mtu mmoja. Mmoja tu, jamani!

Mama hajawahi kumwona mwanawe akimaliza mbio hata moja; siku za mbio yeye huwa shambani. Mzee Tluway ameuliza, kama utani, joto la Dar likoje. Fabiola hajauliza kitu, ila ameziosha raba zake na kuzianika, na hana mbio za kwenda.

Leo ni siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Emiliana ameshika kalamu. Kila mmoja wa wale watatu amemwambia ampeleke mwingine, na kila mmoja ameyasema hayo akiangalia pembeni.

Je, wewe ungeandika jina la nani?