Mwajaa na Jina Lisilotolewa

Haya, wa mkekani!

— Tupo!

Nina kitu mdomoni. Nikimeze au nikiseme?

— Kiseme!

Nikikisema mtakibeba?

— Tutakibeba mpaka nyumbani!

Basi sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna muwa masikioni mwa watu.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Shungwe. Watu wake walikuwa wema, wakarimu, ila walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kuigana. Waliigana nguo, waliigana mapishi, na zaidi ya yote waliigana majina ya watoto. Mke wa jumbe, Mwana Hidaya, alijifungua binti akamwita Durra. Kabla kitovu cha Durra hakijakauka, mji mzima ni Durra. Durra wa kwa mhunzi, Durra wa kwa muuza chumvi, Durra wa kule kisimani. Akaja wa pili, Lulua. Basi Durra likawa jina la kizee na wenyewe wangali wananyonya, kila anayezaliwa ni Lulua. Akaja wa tatu, Jauhari, na Lulua nalo likachakaa. Ukiita jina moja njiani, wanakuja watoto wa mtaa mzima na mama zao nyuma. Msicheke, nanyi mna yenu.

Katika mji huo alikuwako msusi mmoja, mwanamke mjane, jina lake Mwajaa. Jaa, kwa asiyejua, ni pale tunapotupa taka. Mwajaa ni mtoto wa jaani. Watoto wakimwona walijiziba pua. Wanawake wakimwita walilitamka jina lile upesi upesi, kama mtu anayetema kokwa. Lakini ukitaka kichwa chako kisukwe kikasukika, utakwenda kwa nani? Kwa huyo huyo. Walimcheka jina na kichwa wakampa.

Mwajaa alikuwa na mwana mmoja, Shaame, na Shaame alikuwa ameoa binti mzuri wa sura na wa tabia, aitwaye Zamda. Zamda akawa mja mzito. Na mila ya Shungwe ilikuwa kama ya kwetu: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mwajaa akafurahi peke yake, kimyakimya. Alitaka somo, mtu wa kulichukua jina lake. Jina lile ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake, na aliogopa sana, nawaambia kweli, kwamba siku atakayofukiwa yeye litafukiwa naye.

Siku moja alikuwa akimsuka Zamda. Mnajua anavyokaa mtu anayesukwa. Amekaa chini, kati ya magoti ya msusi, amempa mgongo. Hamwoni msusi, msusi hamwoni uso. Maneno yasiyosemeka ana kwa ana hutokea hapo.

Zamda akasema, "Mama, nakuomba radhi. Mtoto akiwa wa kike, jina lako sitaweza kumpa. Watamcheka."

Vidole vya Mwajaa vikasimama. Kisha akaumaliza mstari ule. Akaumaliza wa pili. Akaumaliza wa tatu, akapaka mafuta ya nazi, akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Zamda alipoondoka, Mwajaa alijifunika kanga akalia hadi kanga ikalowa.

Angeweza kumwambia Shaame. Shaame angetoa amri, jina lingetolewa, maneno yangekwisha. Lakini Mwajaa aliwaza: mama mtu atamwita mtoto huyo kwa meno yaliyobanwa, kila siku, asubuhi na jioni. Hakutaka jina lake liitwe hivyo. Alitaka liitwe kwa mapenzi.

Sasa, wa mkekani, mko nami?

— Tuko nawe!

Msusi anajua jambo moja ambalo hata jumbe halijui. Anajua mtindo unatoka wapi. Zamani kidogo Mwajaa alibuni msuko mpya, nywele zikizunguka kichwa na kukutania nyuma ya sikio. Akawaonyesha wanawake, akawasifia, akawabembeleza. Hakuna aliyeutaka. Basi akajisuka mwenyewe, akajitanda kanga juu, akaacha ncha moja tu ichungulie. Aliyemwuliza ni kitu gani kile, alijibiwa kwamba si kitu, na ile ncha ikarudishwa ndani. Haukupita muda, mlango wake ukajaa watu, wengine wamekuja na mikeka yao ya kukalia. Mwajaa alipolikumbuka hilo aliyafuta machozi. Akacheka kidogo, peke yake, kama mwizi.

Siku ya kwanza akaja mke wa mhunzi. Akakaa kati ya magoti, akauliza kwa kejeli kama huyo mjukuu atakuwa wa jaani wa pili. Mwajaa akashusha sauti akamwambia hapana, jina lile amelifungia, halitolewi. Mke wa mhunzi akauliza kwa nini. Mwajaa akasema, "Inamisha kichwa."

Siku ya pili akaja mke wa kadhi. Huyu hakuja kusukwa, nywele zake zilikuwa bado mpya. Akauliza nani wamelitaka jina wakanyimwa. Mwajaa akasema, "Hata mjukuu wangu mwenyewe bado sijampa. Inua kichwa." Na hilo lilikuwa kweli tupu. Mwajaa katika habari hii yote hakusema uongo hata chembe, muangalieni vizuri.

Siku ya tatu akaitwa kwa jumbe.

Mwana Hidaya naye alikuwa mja mzito, wa nne huyo, na majina ya vito yalikuwa yamemwishia. Alikuwa amekaa juu ya mto, nywele amezifumua. Akangoja Mwajaa ashike chanuo, kisha akasema, "Nasikia una jina umelifungia."

"Ndiyo, Mwana."

"Jina lenyewe si la jaani?"

"La jaani kabisa, Mwana. Liache."

Lahaula. Tangu azaliwe, Mwana Hidaya hakuwahi kuambiwa neno lile, liache. Likamwingia kama mwiba wa samaki, halishuki wala halipandi. Akasema atampa Mwajaa bangili. Mwajaa akasema, "Inamisha kichwa, Mwana." Akasema atampa doti za kanga, za kuchagua mwenyewe. Mwajaa akasema, "Inua kichwa, Mwana." Akasema atamkalisha karamuni mahali pa heshima, mbele ya wake wa wakubwa wote. Mwajaa akasema, "Geuza kichwa, Mwana."

"Basi unataka nini, Bi Mwajaa?"

Mmesikia? Bi Mwajaa. Na amelitamka polepole, herufi kwa herufi, halikumchoma ulimi.

"Sitaki kitu," Mwajaa akasema. "Jina langu lina zamu. Wa kwanza ni mjukuu wangu, ikiwa mama yake atalitaka. Asipolitaka, silitoi kwa mtu. Akilitaka, wewe utamfuata."

"Mimi nimfuate mkweo?"

"Umfuate, Mwana."

Mwana Hidaya akamwagiza Mwajaa aende akamwambie mkwewe alitake hilo jina, tena leo hii. Mwajaa akasema hatamwambia. Akafunga msuko wa mwisho, akaaga kwa adabu, akatoka.

Alikwenda polepole, ana magoti mabovu, na habari ina miguu mizuri. Alipofika nyumbani ilikuwa imeshafika. Zamda alikuwa amekaa mkekani anamngoja. Safari hii hakumpa mgongo. Alikaa amemwelekea, uso kwa uso, akasema, "Mama, naomba jina lako."

Mwajaa alikuwa ameyangoja maneno hayo siku zote hizo, na alipoyapata yalimuuma. Akauliza, "Unaliomba langu, au la mke wa jumbe?"

Zamda akainamisha macho. Mwingine angedanganya hapo, hata mimi ningedanganya. Zamda akasema, "Nimelitaka niliposikia kwamba yeye analitaka. Siwezi kukuficha. Lakini nimekaa hapa nakungoja, nikajiona mjinga. Tunaishi nyumba moja, na sijawahi kukuuliza nani alikupa."

Hakuna mtu Shungwe aliyewahi kumwuliza hilo. Mwajaa akaketi, akamsimulia. Mama yake alizaa watoto watatu na wote aliwapa majina mazuri, majina ya kung'aa, na wote walikufa wangali wachanga. Akaja wa nne. Mama yule akamfunga mtoto katika kitambaa kikuukuu, akampeleka nyuma ya nyumba, akamlaza jaani, katikati ya majivu na miiba ya samaki, ili mauti yakija kuchungulia yaone takataka tu, yapite. Akakaa kando anafukuza kuku. Jirani akaja, kama walivyopatana, akamwokota, akamrudisha kwa mama yake akisema, nimekuletea kitoto nilichokiokota, kilee tu. Naye akakilea. Akakiita Mwajaa kila siku kwa sauti kubwa, ili mauti yasikie na yasigeuke nyuma.

"Mama yangu hakunitupa," Mwajaa akasema. "Alinificha."

Zamda alilia. Akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasema, "Mpe mtoto wangu. Hata mke wa jumbe akibadili nia kesho, mpe."

Hapo, wa mkekani, ndipo Mwajaa aliposhinda. Yaliyofuata ni shangwe tu.

Mwana Hidaya alitangulia kujifungua. Binti. Mji ukatega masikio, mbiu ikakaa tayari, kina mama wenye mimba wakakaa tayari. Mbiu haikulia. Mtoto wa jumbe akakaa bila jina, akiitwa "huyo". Huyo ameamka, huyo ananyonya, huyo analia. Jumbe mwenyewe akauliza nyumba yake inangoja nini, akaambiwa inangoja zamu. Mji mzima ukageukia mlango wa Zamda. Walewale waliokuwa wakijiziba pua wakawa wanaomba dua mkwe wa msusi azae wa kike, maana angezaa wa kiume mtoto wa jumbe angekuwa "huyo" mpaka aolewe.

Zamda akazaa. Wa kike, wa kike kabisa, ana sauti ya kuvunja vyungu. Mbiu ikalia kwanza kwa nyumba ya msusi: amezaliwa Mwajaa binti Shaame. Vigelegele vikapanda. Ndipo ikalia kwa nyumba ya jumbe: naye pia ni Mwajaa, wa pili.

Basi tena. Mwajaa wa kwa muuza chumvi, Mwajaa wa kwa kadhi, Mwajaa wa kisimani. Mke wa mhunzi akamwita wake Mwajaa, na akaapa kwamba jina hilo ni la ukoo wao tangu enzi, bibi wa bibi yake aliitwa hivyo. Mwajaa alimsikia akamwacha, maana siku ile alikuwa na furaha ya kutosha watu wote.

Watoto wakaja wakakua. Jioni moja Mwajaa, sasa mzee, amekaa kibarazani na chanuo lake. Zamda akatoka mlangoni kumwita binti yake aje ale. Akaita kwa sauti kubwa, kwa mapenzi, hakubana meno:

"Mwajaa!"

Na mtaa mzima, uchochoro kwa uchochoro, ukaitika: "Abee!"

Mtoto wa jumbe akaitika. Wa kadhi akaitika. Wa mhunzi akaitika. Na walipokwisha wote, msusi kule kibarazani, ambaye hakuitwa na alijua hakuitwa, akaitika peke yake, kwa sauti iliyofika mpaka jaani:

"Abee, mama."

Haya, wa mkekani. Kitu changu kimetoka mdomoni, sasa kimo mikononi mwenu. Mtakiangusha?

— Hatukiangushi!

Nikiita Mwajaa, mnasemaje?

— Abee!

Basi inukeni, mnikunjie mkeka wangu.

— Umekunjwa!