Sweta Lisilofungwa Pindo

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na baridi?

Na sisi tukajikunyata!

Palikuwa na moto?

Na sisi tukasogea!

Basi sogeeni. Wewe, acha kumvuta mwenzio blanketi, linawatosha wote.

Kabla sijaanza, nawapa swali. Msinijibu, maana hata mimi jibu sina. Hadithi hii nilipewa na bibi yangu, na swali hili alikuwa nalo, akafa nalo. Mtu akifungwa uzi mgongoni, akatembea toka mlangoni pa watu hadi juu ya mlima, uzi ukimvuta njia nzima, je, hausikii? Na kama anausikia, mbona hageuki?

Haya. Liwekeni mfukoni, twende.

Hapo kale, katika kijiji kilichokuwa juu kabisa milimani, aliishi mama mmoja jina lake Twilumba. Huko juu, kipupwe kinapokaribia kwisha ndipo kinapouma zaidi. Umande huganda usiku, asubuhi majani ya viazi yako meupe kama yamemwagiwa unga. Watu hushinda ndani. Wanachemsha viazi, wanapukuchua mahindi, wanakohoa moshi, na wanafuma.

Walifuma wote, wake kwa waume. Walikuwa na kondoo, walisokota sufu, walifuma masweta. Lakini aliyefuma kuwashinda wote ni Twilumba.

Mume wake alikuwa ameshuka bondeni kupasua mbao. Nyumbani alibaki na binti yake mdogo, Lusungu, na wifi yake, Tamali. Tamali alikuwa na ulimi, jamani! Lakini kuni alileta yeye, na maji alichota yeye, na Lusungu alilala mgongoni kwake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Sweta walilianza shingoni wakashuka nalo hadi kiunoni. Pindo la chini hawakulifunga sweta likiwa mapajani. Mwenye sweta aliitwa, akalivaa na sindano zake zikining'inia, akasimama mbele ya moto. Mfumaji akachuchumaa, akafunga kitanzi kimoja kimoja. Alipofika kitanzi cha mwisho aliuliza, "Nani anavaa?"

Mwenyewe akataja jina lake. Ndipo uzi ukakatwa. Na ndipo sweta lilipoanza kutia joto. Kabla ya hapo lilikuwa uzi tu.

Basi siku moja, jua likizama, wakasikia mlangoni:

"Hodi, wenye moto! Hodi, wenye sufu! Hodi, wenye nafasi!"

"Karibu," akasema Twilumba, maana ndivyo mtu anavyojibu.

Mlango ukafunguka, ukazibika. Lilikuwa zimwi. Liliingiza kichwa na bega moja tu, mengine yakabaki nje. Ngozi yake ilikuwa tupu, ya kijivu kama jiwe la mtoni, haina hata unyoya.

Tamali akarukia mwiko. "Toka! Toka hapa, jitu lisilo na hata kaptula!"

"Nasikia baridi," likasema zimwi.

"Na sisi tunasikia! Nani amekwambia baridi ni yako peke yako?"

Zimwi likanyoosha kidole kimoja, likamgusa Lusungu kwenye paji la uso, polepole, kama mtu anayepima kama uji umepoa. Mtoto akanyamaza. Twilumba alipomshika, alikuwa wa baridi toka utosini hadi unyayoni. Alipumua, alitazama, lakini joto halikuwemo.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimeazima joto lake," likasema zimwi. "Nilikuwa nakufa huko msituni."

"Heee!" Tamali akapiga makofi. "Sikieni, majirani! Zimwi la kuazima! Na kesho litaazima chumvi!"

Zimwi halikucheka, wala halikukasirika. Likamtazama Twilumba. "Nifumie sweta. Nikifika juu kwenye jiwe langu nikiwa na joto langu mwenyewe, la mtoto nitaliachia lirudi. Na hapa sitakuja tena."

"Mwili wako ni kilima," akasema Twilumba. "Sufu ya kukufunika wewe haipo."

"Ipo," likasema zimwi. "Mmeivaa."

Likaondoa kichwa chake, likaenda kuketi nje ya kijiji, kwenye ukungu, likisubiri.

Basi kijiji kizima kikaitwa. Wengine walilia, wengine walitukana, lakini hakuna aliyekataa, maana kila mmoja alimtazama Lusungu akafikiri wa kwake. Wakavua masweta yao, wakayafumua. Jekundu la mhunzi likafumuliwa. La bluu la bibi arusi likafumuliwa. La kahawia la mzee Ndelwa, aliyekuwa mkubwa wa kijiji, ambalo alilivaa tangu ujana, nalo likafumuliwa. Watoto wakabaki na vifua wazi, wakabanana juu ya majiko kama vifaranga.

Twilumba akaanza shingo. Akafuma, akafuma, akafuma. Majirani wakamletea viazi, wakamlisha mdomoni ili mikono isisimame. Akafuma, akafuma, akafuma. Sweta likajaa nyumba, likatoka mlangoni, likalala uani kama ng'ombe. Akafuma, akafuma, akafuma, hadi pindoni.

Ndipo Tamali akamjia, akamnong'oneza sikioni.

"Wifi."

"Bee."

"Pindo usilifunge."

"Una wazimu? Sijawahi kumpa mtu sweta la pindo wazi."

"Huyo si mtu. Tufunge ncha ya uzi kwenye mwimo wa mlango. Zimwi likitembea, sweta linafumuka lenyewe kuanzia chini. Zimwi litafika msituni uchi, sisi tutakunja uzi wetu tukiwa hapa hapa. Wifi, sikiliza huko nje. Unasikia watoto wanavyokohoa?"

Twilumba akasikiliza. Kweli walikuwa wanakohoa.

"Na joto la Lusungu?"

"Likifika juu litaliachia. Limeahidi."

Hapo, wanangu, mimi huwa nasimama kidogo kila ninaposimulia. Waliitegemea ahadi ya zimwi huku wakiivunja ya kwao, na hawakuliona hilo. Siwalaumu. Mtu aliyesikia watoto wa kijiji kizima wakikohoa husikia vitu vichache vingine.

Twilumba akachomoa sindano. Vitanzi vikabaki wazi, vyote, mdomo wazi.

Asubuhi zimwi likaitwa. Likavaa sweta lake uani, polepole, mkono huu, mkono ule. Likajishika kifuani. Likajishika tumboni. Bibi yangu alisema lilitabasamu, lakini halikuwa na mazoea, kwa hiyo watoto walikimbia.

Twilumba akachuchumaa nyuma yake, akajifanya anafunga pindo. Tamali akafunga ncha ya uzi kwenye mwimo.

"Tayari," akasema Twilumba.

Zimwi halikuondoka.

"Nenda basi," akasema Tamali. "Unasubiri chai?"

"Hamjaniuliza," likasema zimwi.

"Tukuulize nini?"

"Mnachoulizana. Nimewaona mara nyingi, nikichungulia kwenye nyufa. Anayevaa huulizwa."

Twilumba akafungua mdomo. Lakini Tamali akawahi.

"Hicho ni cha watu."

Zimwi likainamisha kichwa. "Haya," likasema.

Likageuka, likaenda.

Likapanda kilima cha kwanza, uzi ukalitoka wa kahawia. Wanakijiji wakaukunja. Likapanda kilima cha pili, uzi ukalitoka wa bluu. Wakaukunja wakicheka, bibi arusi akicheka kuliko wote. Likapanda kilima cha tatu, uzi ukalitoka mwekundu, na uzi huo ulinaswa kwenye miiba, ukakazika, ukavuta, ukaachia. Wote waliona jinsi ulivyovuta. Waliona mgongo wa zimwi ukisita. Halikugeuka. Likaingia ukungu.

Donge la uzi uani likawa kubwa kuliko ndama.

"Si niliwaambia?" akasema Tamali. "Nani sasa ana akili hapa kijijini?"

Twilumba akaingia ndani kumshika mwanawe. Lusungu alikuwa baridi. Wakangoja jua lipande. Baridi. Wakangoja jua lishuke. Baridi. Wakamfunika kwa donge zima la uzi, mwekundu na wa bluu na wa kahawia, na mtoto alilala chini yake kama jiwe lililofunikwa.

Kulipokucha, Twilumba akafuata njia ulikopita uzi. Tamali akamfuata nyuma.

Wakapanda kilima cha kwanza. Wakapanda cha pili. Wakapanda cha tatu, wakaingia msituni ambako miti ina ndevu za ukungu, wakafika kwenye jiwe pana. Zimwi halikuwepo. Nyayo zake zilikwenda mbele ya jiwe kidogo, kwenye umande ulioganda, kisha nyayo hazikuwepo tena.

Juu ya jiwe palikuwa na shingo ya sweta. Ndiyo iliyobaki, uzi wake umekatika. Haikutupwa pale. Ilikunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama mgeni anavyokunja shuka aliyolalia kwa watu.

Twilumba akaiokota, akapiga kelele.

"Ina joto!"

Wakashuka mbio. Wakamvisha Lusungu ile shingo, ikamfika kiunoni. Joto likamwingia kichwani, akalia. Likamwingia kifuani, akakohoa. Likamwingia mikononi, akamshika mama yake kidole. Hapo likaishia. Miguu yake haikupata. Shingo moja ya sweta ilikuwa imebeba kadiri ilivyoweza kubeba.

Lusungu akakua hivyo, mikono ya moto, miguu ya jiwe. Alitembea kwa shida, na kila kipupwe alilia kimyakimya akidhani mama yake hasikii.

Basi sasa toeni lile swali mfukoni. Zimwi liliijua desturi. Lilijua pindo halikufungwa, maana halikuulizwa. Uzi ulilivuta mgongoni njia nzima. Lilibakiwa na shingo tu, na ndani yake likaweka joto la mtoto, kadiri shingo ilivyoweza kubeba, likakunja, likaacha. Kwa nini halikugeuka? Bibi yangu alisema labda lilikuwa limechoka kubishana. Siku nyingine alisema labda lilitumaini kwamba sisi watu tutalifuata na kuliita. Siku nyingine alisema, "Sijui, mjukuu wangu, nipitishie kiazi."

Wanakijiji wakakutana uani kwa Twilumba. Lile donge lilikuwa katikati yao, na hakuna aliyekuwa ameligusa, ingawa watoto walikuwa bado vifua wazi.

"Tugawane," akasema mhunzi, lakini kwa sauti ndogo.

"Chukua la kwako," akasema mzee Ndelwa. "Utaweza kulivaa?"

Mhunzi akarudi nyuma hatua moja.

Bibi arusi, yule aliyecheka kuliko wote, akasema, "Sufu hii tulishaitoa. Ina mwenyewe."

Wakaamua hivi. Kondoo wakatwe sufu mpya, na hadi hapo watoto walale nyumba moja, moto mmoja. Uzi ule uungwe kwenye shingo ile ile, sweta lifumwe upya. Na kila kipupwe kinapokaribia kwisha, lipelekwe kwenye jiwe, pindo wazi na sindano zake, mwenyewe aitwe, afungiwe akiwa amevaa, na aulizwe kama watu wanavyoulizwa.

Twilumba alifuma. Alifuma, alifuma, alifuma, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipomaliza akajifunga kanga kiunoni ili abebe mzigo.

"Weka chini, wifi," akasema Tamali.

"Pindo nililiacha mimi."

"Mikono ilikuwa yako. Lakini aliyesema 'hicho ni cha watu' ni mimi. Mdomo huu huu ndio utakaokwenda kuuliza."

Akalibeba sweta lile mgongoni, likamfunika mwili mzima, hata ukimwona kwa mbali ulidhani ni kilima kinatembea. Akapanda cha kwanza. Akapanda cha pili. Akapanda cha tatu. Akafika kwenye jiwe, akalitandika, akachuchumaa na sindano mkononi.

"Nani anavaa?" akauliza.

Ukungu ukapita.

"Nani anavaa?"

Miti ikadondosha maji.

"Nani anavaa, baba? Nakuuliza."

Alikaa hadi jua likashuka, kisha akakunja sweta, pembe kwa pembe, akarudi nalo nyumbani. Mwaka uliofuata alikwenda tena. Na uliofuata. Aliuliza hadi magoti yakakataa mlima. Ndipo Lusungu, mwenye miguu ya jiwe, akaomba mzigo uwekwe mgongoni kwake, akaanza kupanda, hatua kwa hatua, mikono yake ikitoa moshi kwenye baridi.

Hadithi yangu inakomea hapo, pindo lake likiwa wazi.

Nanyi mliosikia, mkumbuke: ukimwahidi mtu, hata yule unayemwogopa, mtimizie yote mpaka kitanzi cha mwisho. Na muulize jina lake angali mlangoni pako.