Ufunguo wa Masufuria

Bi Mwanahawa alitaka viza akamwone mjukuu wake Ulaya, lakini hakuwa na mume, kiwanja wala ajira.

"Nini kitakurudisha nyumbani, bibi?" afisa wa ubalozi aliuliza.

"Masufuria, baba. Ya harusi zote za mtaani yamo stoo kwangu, na ufunguo ni huu mmoja. Nasafiri nao."

Afisa alichungulia dirishani. Akina mama walikuwa wameng'ang'ania geti, wakilia, "Asiondoke na ufunguo wetu!" Mmoja aligaagaa chini.

"Hawa watakufuata hukohuko," afisa alisema, akampa viza.

Nje, Bi Mwanahawa alimkabidhi ufunguo yule aliyekuwa akijipangusa vumbi.

"Mmelia vizuri," alisema. "Ila kugaagaa hatukukubaliana, Hidaya."